Nyumba ya Nyuma ya Prinsengracht: Safari ya Vijana Wetu Amsterdam



Katika mji wa Amsterdam, kandokando ya mfereji uitwao Prinsengracht, yasimama nyumba nyembamba ya matofali, namba 263, iliyojengwa mwaka 1635. Mtu akiipita bila ya kuambiwa hataiona tofauti na jirani zake: madirisha marefu, milango ya kale, na baiskeli zilizofungwa ukingoni mwa maji. Lakini nyuma ya nyumba hiyo ipo nyumba nyingine isiyoonekana kutoka njiani, na humo ndimo walimojificha watu wanane kwa zaidi ya miaka miwili wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mmoja wao alikuwa binti wa miaka 13, jina lake Anne Frank, na kila alipopata nafasi alikuwa akiandika. Shajara yake imefasiriwa katika lugha zaidi ya 70, na wengi katika watoto wetu wanaosoma hapa Uingereza hukutana nayo darasani.

Nilijaaliwa kufika katika nyumba hiyo nikiwa miongoni mwa wazazi walioandamana na wanafunzi wa darasa la tisa wa shule moja ya jijini London. Wanafunzi walikuwa 28, na watano kati yao ni watoto wa jamii yetu. Naandika habari za safari hiyo kwa sababu fomu za ruhusa za mwaka huu zimeshaanza kufika majumbani, na najua zipo nyumba ambamo fomu imewekwa juu ya friji, haikutiwa saini wala haikukataliwa.

Kwa nini fomu husubiri

Nimezungumza na wazazi kadhaa, nami sina budi kuyaeleza maneno yao kwa haki. Wapo wasemao kwamba hiyo ni historia ya Wazungu na Wayahudi, sisi haituhusu. Wapo wanaochelea kwamba mtoto wa miaka 13 hawezi kuyabeba mambo mazito kama hayo. Wapo waliosikia barazani kwamba shajara yenyewe ni ya kubuni. Na wapo, tena ni wengi, wanaouliza: tangu mwaka 2023 tunaziona maiti za watoto wa Gaza katika televisheni, je, ni nani anayewasomesha wenzao habari za hao?

Swali hili la mwisho ni swali la haki, nalo lastahili kuulizwa mbele ya walimu pasipo hofu. Ila huzuni si mchele wa kupimwa kwa kibaba, kwamba ukimpimia huyu, yule hupungukiwa. Mtoto aliyefundishwa kumlilia mtoto asiyekuwa wa kabila lake wala wa dini yake hatakuwa mzito wa kumlilia wa kwao. Haya mengine nitayajibu kwa kueleza tuliyoyaona.

Mwalimu alivyoanza

Katika shule za serikali za England, somo la Maangamizi ya Wayahudi, yaitwayo Holokosti, limo katika mtaala wa historia tangu mwaka 1991. Kila mwalimu ana njia yake ya kulisomesha. Mwalimu wa watoto hawa hakuanza na idadi ya watu milioni sita waliouawa. Alisema kwamba idadi hiyo haiingii katika akili ya mtu mzima, seuze ya mtoto. Alianza na picha moja ya msichana aliyeketi mezani akitabasamu, akawauliza wanafunzi: mnadhani huyu anapenda nini?

Kisha akawapa habari zake kidogo kidogo. Anne alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Baba yake, Otto, aliwahi kuwa ofisa katika jeshi la Ujerumani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Hitler aliposhika serikali mwaka 1933, familia ilihamia Uholanzi, na baba akafungua biashara ya kuuza pektini, kitu cha kugandishia jemu. Wakawa wahamiaji kama sisi: watoto wakajifunza lugha ya ugenini upesi kuliko wazazi, wakapata marafiki, wakajiona wamefika. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yakaivamia Uholanzi.

Hapo mwalimu alitandaza karatasi ndefu ukutani, na wanafunzi wakawa wanaandika juu yake kila amri iliyotolewa, moja baada ya moja. Mayahudi wasisome shule moja na wengine. Wasipande tramu. Watoe baiskeli zao. Wanunue vitu dukani kwa saa maalumu tu za alasiri. Kuanzia Mei 1942 washone nyota ya rangi ya manjano juu ya nguo zao. Watoto waliona kwa macho yao kwamba mauaji hayakuanza kwa kuua. Yalianza kwa amri ndogo ndogo, na kila moja jirani aliyoiona akiwa dirishani mwake alijiambia kwamba hii bado ni ndogo.

Mwalimu alikuwa na sharti moja ambalo wazazi wenye wasiwasi nataka walisikie. Alikataza michezo ya kuigiza. Hakuwafungia watoto chumbani wapate "kuonja" mafichoni, wala hakuwapa nyota za karatasi wabandike vifuani. Alisema kuwa mateso ya watu si mchezo wa kuigizwa, na mtoto aliyekaa kimya nusu saa hajayajua hata kidogo yaliyompata aliyekaa kimya miaka miwili. Picha za kutisha za maiti pia hakuzitumia. Badala yake aliwapa kitabu, wakakisoma.

Safari

Tuliondoka London kwa basi kabla ya alfajiri, tukavuka bahari kwa feri kutoka Dover hadi Calais, kisha tukapita Ufaransa na Ubelgiji hadi Uholanzi. Kinamama wa jamii yetu walikuwa wamefunga chapati na kababu, na kufika Ubelgiji basi zima lilikuwa likila chakula chetu. Adhuhuri na alasiri tulisali kwa kujumuisha katika kituo cha mapumziko, nyuma ya pampu za petroli, na wanafunzi wasiokuwa Waislamu wakatulindia mizigo.

Amsterdam ni mji wa maji. Wenyeji wa Mombasa na Unguja wataipenda harufu yake, ijapokuwa maji yenyewe ni ya mifereji. Nyumba ni nyembamba na ndefu, nazo huenda nyuma sana, hata ikawa nyumba moja ina sehemu ya mbele na sehemu ya nyuma, kila moja na paa lake. Ujenzi huo ndio uliowezesha jambo hili. Mbele palikuwa na ofisi ya Bwana Otto Frank na chini palikuwa na ghala. Nyuma palikuwa na vyumba visivyotumika.

Ndani ya nyumba

Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho tarehe 3 Mei 1960. Ngazi zake zimesimama wima kama ngazi za kupandia darini, na wengine wetu tulizipanda kwa kushika magoti. Juu tukalikuta kabati la vitabu. Kabati hilo lina bawaba kama mlango. Ukilivuta, nyuma yake waona kizingiti na ngazi nyingine. Lilitengenezwa na baba wa mmoja wa makarani wa ofisi ili kuuficha mlango.

Familia ya Frank iliingia humo tarehe 6 Julai 1942, siku moja baada ya Margot, dada yake Anne mwenye miaka 16, kuletewa amri ya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Wiki moja baadaye waliungana na familia ya van Pels, mume, mke na kijana wao Peter, na mwezi Novemba akaja daktari wa meno, Fritz Pfeffer. Wafanyakazi wanne wa ofisi, Miep Gies, Bep Voskuijl, Victor Kugler na Johannes Kleiman, ndio waliowaletea chakula, vitabu na habari, hali wakijua kwamba wangeweza kuadhibiwa vikali. Vibarua wa ghala hawakuambiwa. Kwa hiyo mchana kutwa watu wanane walitembea bila viatu, walinong'ona, na choo hakikuvutwa maji mpaka watu wa chini waondoke.

Vyumba ni vitupu. Samani zilichukuliwa baada ya watu hao kukamatwa, na Bwana Otto alitaka vibaki hivyo hivyo. Lakini kuta zimebaki na mambo yake. Katika chumba cha Anne zingali zipo picha za waigizaji wa filamu alizozibandika mwenyewe, na wasichana wetu walizitazama kwa muda mrefu kwa sababu vyumba vyao vya kulala viko vivyo hivyo. Katika chumba cha wazazi ipo ramani ndogo iliyochomwa pini, ambayo baba alifuatia mwendo wa majeshi yaliyotua Normandy mwezi Juni 1944. Kando yake ipo mistari ya penseli: vipimo vya urefu wa watoto walivyokuwa wakikua. Katika muda wa miaka miwili Anne alirefuka sentimita 13.

Hapo ndipo mmoja wa vijana wetu, mvulana asiyekuwa msemaji, aliponigusa mkono akaniambia: "Mjomba, hata nyumbani mama hutupima hivi mlangoni." Hakuongeza neno. Nami naona hapo ndipo somo lilipomwingia. Baba aliyekuwa akiipima ile ramani na kuwapima wale watoto alikuwa akingoja ni kipi kitatangulia, vita kwisha au watoto kumaliza kukua.

Daftari lenyewe limo ndani ya kioo: daftari la mirabaraba mekundu na meupe alilopewa alipotimiza miaka 13. Aliliandikia kama mtu amwandikiaye rafiki, akamwita rafiki huyo Kitty. Tarehe 28 Machi 1944 waliokuwa mafichoni walimsikia waziri wa Uholanzi, akisema redioni kutoka London, akiwataka wananchi watunze barua na shajara zao ili zije kusomwa baada ya vita. Tangu mwezi Mei Anne alianza kuiandika upya shajara yake katika karatasi za moja moja, akipunguza hapa na kuongeza pale, kwa nia ya kutoa kitabu. Wanafunzi walistaajabu kuona maandishi yaliyofutwa na kusahihishwa. Walikuwa wamedhani kwamba ni kitabu cha msichana aliyelia, wakaona ni kazi ya mwandishi.

Kwa wale waliosikia kwamba ni ya kubuni: maandishi hayo yalichunguzwa na maabara ya serikali ya Uholanzi, karatasi, wino na mwandiko, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1986. Yalithibitika kuwa ni ya mkono wake.

Yasiyomo katika shajara

Mara ya mwisho Anne kuandika ni tarehe 1 Agosti 1944. Tarehe 4 Agosti polisi waliingia wakawakamata wote wanane. Hadi leo haijathibitika kama yupo aliyewasaliti. Miep Gies aliziokota karatasi zilizotapakaa sakafuni, akazitia katika mtoto wa meza bila ya kuzisoma, akingoja mwenyewe arudi.

Mwalimu alikuwa ameshawaonya wanafunzi kwamba kitabu kinakwisha pale ambapo jambo lenyewe lilikuwa halijafika mwisho. Msomaji akiishia hapo atadhani Holokosti ni habari ya watu waliojificha. Kwa hiyo aliwaendeleza. Waliokamatwa walipelekwa kambi ya Westerbork, na tarehe 3 Septemba 1944 wakapakiwa katika treni ya watu zaidi ya 1,000 kwenda Auschwitz, Poland. Mama yao, Edith, alifia huko Januari 1945. Anne na Margot walihamishiwa Bergen-Belsen, Ujerumani, ambako walikufa mapema mwaka 1945 kwa homa ya taifasi, ugonjwa uenezwao na chawa, wiki chache kabla ya majeshi ya Uingereza kuikomboa kambi hiyo tarehe 15 Aprili. Katika wale wanane alirudi mmoja tu, naye ni baba. Miep akamkabidhi karatasi, na kitabu kikatolewa Juni 1947.

Siku ya pili tulikwenda kwenye ukumbusho wa majina uliofunguliwa mwaka 2021 katika barabara ya Weesperstraat. Ni kuta za matofali, na kila tofali lina jina moja, tarehe ya kuzaliwa na umri wa mtu alipofariki. Majina ni zaidi ya 102,000, ya Mayahudi na ya watu wa kabila za Sinti na Roma waliochukuliwa kutoka Uholanzi wasirudi. Wanafunzi walitembea katikati ya kuta hizo wakisoma umri tu: 71, 34, 6, 2. Mwalimu hakusema neno. Mtoto aliyekwisha kumjua mmoja kwa wiki sita, alipenda nini na aligombana na nani, sasa aliachwa ahesabu mwenyewe.

Jiwe la Mswahili mjini Berlin

Katika njia za miji mingi ya Ulaya, Amsterdam ikiwemo, yamezikwa mawe madogo yenye bamba la shaba, mbele ya nyumba walizoishi watu waliochukuliwa na Manazi. Yamepita 100,000. Jioni ile watoto waliokuwa wakiyatafuta njiani waliniuliza kama lipo la Mwislamu. Niliwajibu kwamba lipo, tena ni la mtu wa Dar es Salaam.

Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, naye akatiwa jeshini angali mtoto katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo haikulipwa, akakataliwa. Akabaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, na akawasomesha Wajerumani Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila ya kuhukumiwa na mahakama. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007 katika barabara ya Brunnenstraße.

Sikuwaambia watoto kwamba yaliyompata ni sawa na yaliyowapata Mayahudi. Wao walikusudiwa kumalizwa wote, wazee na wachanga, popote walipopatikana. Lakini elimu ile ile ya kupanga watu kwa damu ndiyo iliyomuua Anne na ndiyo iliyomuua Mohamed Husen. Na katika mji huo huo wa Berlin alikuwako daktari wa Kimisri, Mohamed Helmy, aliyemficha binti wa Kiyahudi, Anna Boros, mpaka vita vikaisha. Alitunukiwa heshima kwa kitendo hicho mwaka 2013, akiwa ameshafariki. Kwa hiyo asemaye kwamba historia hii haituhusu, na alitazame lile jiwe.

Binti mmoja wetu akauliza: "Naye Mohamed Husen aliandika shajara?" Haijulikani kuwa aliacha shajara. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yake imetoka katika mafaili ya maofisa, wakiwemo wale wale waliomkatalia na kumfunga. Wanafunzi wa Ulaya wanajua Anne alimpenda nani na aliudhiwa na nini. Juu ya mwalimu wa Kiswahili wa Berlin, aliyeona miaka kumi na zaidi ya mambo hayo kwa macho ya Mwafrika na Mwislamu, tunajua tarehe na amri.

Kwa wazazi

Wapo miongoni mwetu waliotoka Rwanda na Burundi, nao hawahitaji kufundishwa na makumbusho ya Amsterdam jirani anavyoweza kugeuka. Wapo waliowapokea wakimbizi wa Bosnia katika miaka ya 1990, na wanakumbuka Srebrenica ya Julai 1995. Ni kutoka Bosnia hiyo, katika mji wa Sarajevo, ambapo mtoto Zlata Filipović aliweka shajara ya vita, akaipa jina kama Anne alivyoipa yake. Na mwaka 1994, huko Johannesburg, Nelson Mandela alieleza kwamba wafungwa wa Robben Island waliisoma shajara ya Anne Frank ikawatia nguvu. Kitabu hiki kimeshavuka mipaka mingi kabla ya kufika mezani petu.

Rai yangu ni hii. Mzazi akipata fomu, kabla ya kutia saini au kukataa, na akisome kitabu pamoja na mwanawe, kurasa chache kila usiku. Aulize mwalimu atasomesha vipi, na yeye mwenyewe aeleze yanayomtia wasiwasi. Wanaotaka kwenda kwa familia wajue kwamba tiketi huuzwa kwa intaneti tu na kwa saa maalumu, mlangoni hazipatikani. Ngazi ni kali kwa wazee na wenye magoti mabovu. Na kupiga picha ndani hakuruhusiwi.

Na tukirudi, tusiishie hapo. Watoto watano tuliokwenda nao wameanza, kila mmoja katika daftari lake, kuandika kwa Kiswahili habari za bibi na babu zao: waliondoka lini, kwa jahazi au kwa ndege, waliacha nini nyuma. Yapo maneno yaliyokosewa na yaliyofutwa. Mwenye bibi aliye hai asichelewe kumkalisha kitako akamuuliza.

Wabillahi tawfiq.